Moteri mpya ya Thaddée

Masheri, rafiki yangu, uko? Kaa chini kwanza.

Ile mashini ya kupasua magogo ya Thaddée, bwana ya jirani yetu Sabine, moteri yake ilichoka kabisa. Leo Thaddée mwenyewe, fundi wetu mukubwa, akafunga ingine, ya pompi ya maji, bila silansie, kile chombo cha kupunguza kelele. "Silansie ya nini? Kelele ndio nguvu!" KELELE NDIO NGUVU, weye!

Akavuta kamba. Pa! Pa-pa-pa-pa! Kama bunduki. Na unajua vile wanasema waasi wako karibu na Makobola, hapa jirani.

Nani alikimbia wa kwanza? Thaddée! Kamba iko mu mukono, anapiga kelele: "Wameingia! Wameingia!" Mtaa wetu yote ya Kasenga ikamufuata mpaka ku ziwa. Mimi pia, na sufuria ya maharagi ku kichwa.

Sabine peke yake aliona moshi inatoka ku moteri. Akabaki na mutoto wao, akatia magogo mu mashini.

Shujaa wetu akarudi polepole, na sisi nyuma yake. "Sabine, muko wazima?"

"Tuko wazima. Waasi wamepasua kuni zote, sasa wanapumzika."

Tulicheka mpaka machozi. Kisha Sabine akasema: "Lakini wakati ulikimbia, mutoto wako alikuita: 'Papa! Baba!' Haukugeuka."

Hakuna muntu alicheka tena. Thaddée akamubeba mutoto, na mpaka saa hii hajamuweka chini.