Kuku wa Mwalimu

Mpendwa mjukuu wangu Nafula,

Hapa Butali sisi ni wazima. Babu yako anakusalimia, mguu wake umepata nafuu. Umeniuliza kama watoto unaowafundisha Kiingereza huko ng'ambo watakusahau ukishaondoka.

Nilipokuwa darasa la sita, miaka ile watu walipanda miwa hadi mlangoni, msichana Mzungu alikuja kwa kujitolea, akatufundisha Kiingereza. Siku ya kuondoka, mama alimpa kuku, kama tunavyompa kila mgeni. Mwalimu akamrudisha mikononi mwangu akisema, "Nitunzie, nitarudi."

Kuku wa mgeni hachinjwi na mwenyeji. Alitaga, akaangua vifaranga, akazeeka. Kila trekta la miwa likipunguza mwendo pale njiani, nilitoka kutazama, kwa sababu mwalimu alizoea kuomba lifti ya trekta. Kuku alipokufa kwa uzee, nilimzika nyuma ya jiko. Kile Kiingereza nimekisahau karibu chote. Mwalimu mwenyewe bado namtazamia.

Hawatakusahau, mama. Ila usiwaambie utarudi kama hujui.

Na yule kuku wako mwekundu uliyeniachia bado anataga. Wageni wameshakula wengine wote.

Ni mimi nyanya yako,
Kukhu