Kutoka Ruiru, Vidole Vikiwa Vimefunguka

Kamau mdogo wangu, salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani.

Kuna jambo nimekuficha tangu siku wakwe walipoleta mahari ya binti yako, na sitaki kuzikwa nalo. Nakuandikia kutoka kliniki ya Ruiru, ambako binti yangu Njeri hunileta kutoka kwake Thika. Nje kuna manyunyu na baridi. Hapa wananibandika vipande viwili vya mpira mkononi, wanawasha umeme mdogo, na vidole vilivyokunjwa na huu ugonjwa wa neva, MS, vinafunguka vyenyewe. Baadaye vinanitii kwa muda mfupi tu, ndiyo maana maandishi haya yana haraka.

Leo tulikuwa tukiokota maharagwe mezani, zoezi la vidole, mimi na mama mmoja mgonjwa kutoka Murera. Alijaza kikombe chake, akanitazama. "Guka," akaniita kama babu yake, "unayaokota ama unayaombea?"

Nilicheka, lakini nilimwonea wivu. Wivu huo niliutambua. Ndio niliokuwa nao uliposhika kisu nilichokishika miaka yote kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, ukamkata na kumgawa mbuzi mbele ya wakwe, tena vizuri kunishinda.

Wazee walikukemea kwamba masikio ya mbuzi, ambayo kwa mila yetu hupewa wasichana, yamepotea, nawe ukaomba msamaha. Uishi sana, Kamau, na kisu kibaki kwako. Masikio yalikuwa mfukoni mwa koti langu.