Bibi Alijivika Mwenyewe

Levolosi,
Arusha.
7 Agosti, 1997.

Mpendwa Kaka Said,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, na kwamba lile jino halikusumbui tena. Hapa nyumbani wote ni wazima. Bibi ni mzima, na hilo nalisema kwa makusudi: anakula, anatembea, na jana alimgombeza muuza maziwa mpaka akaongeza kipimo. Baridi ya Julai imekataa kuondoka na mlima hatujauona tangu Jumatatu.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira na wewe, Kaka. Mimi siwezi kugombana na mtu uso kwa uso, kwa hiyo afadhali uko mbali.

Juzi Baba alinisomea barua yako sebuleni, Shangazi Batuli akiwa amekaa pembeni anatikisa kichwa. Umeandika kwamba mimi na wenzangu tunaabudu mashetani. Kwamba tulimvika Bibi sanda yake kwa nguvu ili tumcheke. Kwamba mimi ni msichana asiye na haya. Ukaagiza rafiki yako wa Usa River apewe deki ya video uliyotuletea. Baba ameshaifunga kwenye gunia na Jumapili inachukuliwa.

Asiye na haya, mimi! Umesahau ulivyokuwa ukinituma sukari, narudi na hela mkononi kwa sababu nimeshindwa kumwita mwenye duka? Hata juzi Baba aliponiuliza, “Una la kusema?” niliangalia mkeka. Nilikuwa nayo mengi ya kusema. Ndiyo haya.

Kwanza, mchezo huu ni wako. Nani alikuwa akijipaka majivu na kutoka nyuma ya tangi la maji akiburuta mguu, akisema yeye ni msukule amefufuliwa na mchawi? Tulikimbia tukilia mpaka kwa jirani. Kisha tulirudi wenyewe kukuomba ufanye tena. Hujawahi kujiuliza kwa nini tulirudi? Mimi nimejiuliza sana, na leo utasoma jibu langu utake usitake.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wanakuja wenzangu wa shule. Priya analeta kanda kutoka duka la baba yake, ile ambayo haijaazimwa na mtu. Tunajipaka unga na masizi, na juisi nyekundu ya rosela inakuwa damu. Tunatazama wafu wakitoka makaburini na kubomoa milango ya watu. Kanda zote ni za Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye natafsiri. Ndiyo, mimi. Darasani mwalimu akinitaja jina sauti inakauka kooni. Hapo nasimama kando ya televisheni nasema maneno ya wafu na ya walio hai, na watoto wa jirani wananing'inia dirishani wanasikiliza. Sijawahi kuwa na sauti hiyo mahali pengine popote.

Yupo pia Namnyaki wa Kijenge, ambaye hakuna anayemshinda kutembea kama msukule. Mama yake alizikwa Februari. Msibani kila alipofungua mdomo wanawake walimwambia, “Nyamaza, jikaze.” Alijikaza miezi mitatu. Siku wafu walipovunja mlango ndani ya kanda yetu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, halafu akacheka, halafu akaomba chai. Hofu ile tuliichagua wenyewe, Kaka, na ina kitufe cha kuizimia. Ile ya Februari haina. Kama huo ndio ushetani, basi sijui mnaita nini kumwambia mtoto aliyefiwa anyamaze.

Sasa habari ya Bibi, kama ilivyotokea na si kama ulivyopigiwa simu.

Bibi hukaa nasi tangu mwanzo, anauliza, “Na huyu naye amekufa lini?” Siku ile tulikuwa tunachana shuka kuukuu la kujifunga. Akainuka, akaenda kufungua sanduku lake, akarudi na ile bafta ya sanda yake anayoitunza pamoja na kafuri. Namnyaki akarudi nyuma. Nikamwambia, “Bibi, hiyo si ya kuchezea.”

“Naijua ni ya nini. Nimeinunua mwenyewe.”

Akajifunga taratibu, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Alijitazama muda mrefu na hakuna aliyecheka. Kisha akasema, “Mh. Nilidhani nitaogopa zaidi.” Akatoka uani akiburuta mguu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Ndipo Shangazi Batuli akaingia getini na kikapu chake.

“Mama! Mbona una sanda?”

“Nimekufa tangu asubuhi, Batuli. Wewe ndiyo unafika sasa?”

Shangazi alikimbia akaacha kiatu kimoja. Bibi alicheka mpaka tukamshika asianguke. Jioni aliifua bafta yake, akaipiga pasi na kuirudisha sandukuni. Shangazi hakurudi kuuliza chochote. Alikwenda kukupigia simu. Yeye huyo huyo anayewatisha watoto kwa mumiani mpaka wanakojoa kitandani!

Bibi siku ya barua yako alikuwa amekwenda Kijenge. Aliporudi akasikia, akamwambia Baba afungue lile gunia. Baba akajibu, “Mama, kitu ni cha Said, mimi mtunzaji tu.” Shangazi naye anasema Bibi amezeeka, hajui atendalo. Hicho ndicho kinachonichoma kuliko deki. Mmeandikiana, mmepigiana simu, mmehukumu, na hakuna aliyemuuliza. Mnamzungumzia kana kwamba ameshazikwa. Katika nyumba hii anayemfanya Bibi maiti si mimi.

Barua hii itakapokufikia deki itakuwa imeshakwenda. Nataka umwandikie Baba, kwa mkono wako, kwamba uliyoyasema si kweli. Halafu umwambie rafiki yako airudishe.

Baba anakusalimu. Priya na Namnyaki wanakusalimu pia, ingawa Namnyaki amesema nisiandike. Msalimie wifi na mtoto. Mungu akulinde kazini na akulainishe moyo.

Bibi amekaa hapa kitandani kwake, ameniamuru niandike maneno yake bila kuyapamba: “Said mjukuu wangu, sanda nimeijaribu. Inanitosha. Kilichobaki sikiogopi, basi na wewe usiniogopee. Mrudishie mtoto sauti yake. Na ukija likizo njoo umekonda kidogo, kwa shavu hilo la kwenye picha hakuna atakayekuamini kuwa umekufa.”

Wako akupendaye hata leo, ingawa kwa shida,

Swabaha