Hatua Kumi Ng'ambo ya Daraja

Jumatatu, 7 Machi 1966
Malaba. Chai, mandazi mawili, kisha darajani kwa kazi ya gazeti, kama kila Jumatatu. Malori machache. Hakuna habari.

Saa nne Konstebo Ekisa akapuliza filimbi. Barasa, mchukuzi wa baiskeli, alikuwa katikati ya daraja akija Kenya. Akageuza. Ekisa akamkimbiza, akamwangusha upande wa Uganda. Waragi, pombe kali ya magendo, ndani ya tyubu ya baiskeli, imezungushwa kiunoni chini ya koti. Akamrudisha huku Kenya. Baadaye nilipima kwa miguu: hatua kumi kutoka darajani.

Jumanne, 8 Machi
Inspekta wa kituo ana nafasi moja ya mafunzo ya viongozi wa mashtaka. Amemwambia Ekisa: ukishinda kesi hii, ni yako. Ekisa ameingoja miaka minne. Darasa la nane, kisha sheria kwa posta. Husoma akila.

Jumatano, 9 Machi
Ekisa alikuja kwangu. Hakuketi.

"Mzee, juzi ulikuwa umesimama wapi?"

"Darajani."

"Basi uliona."

"Niliona."

Akafungua kijitabu chake cha kazi. Kimeandikwa: alikamatwa Malaba, Kenya. Jana masomo yake yalimfikisha kwenye sura ya mamlaka ya askari. Mamlaka hayo yanaishia mpakani.

"Hata sikuwaza mpaka, mzee. Si huwa tunavuka kununua chumvi?"

Hakuniomba ninyamaze. Ningenyamaza.

Ijumaa, 11 Machi
Mahakamani Busia. Ekisa kwenye kizimba cha mashahidi, vifungo vinang'aa. Alisimulia vizuri, akaruka mahali alipomkamatia. Hakimu alikuwa anaandika. Inspekta alikuwa anatabasamu. Barasa, hana wakili, akaulizwa kama ana swali.

"Moja tu. Afande, ulinishika upande gani?"

Ekisa alitazama kijitabu. Nilitaka aseme uongo. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuandika.

"Upande wa Uganda. Hatua kama kumi. Kijitabu changu kimekosea."

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma: "Basi akamshtaki Kampala!" Barasa aliachiliwa. Inspekta alitoka bila kofia, ikabidi arudi kuichukua.

Nimepeleka gazetini mistari mitano. Sikuongeza neno.

Jumatatu, 14 Machi
Nafasi amepewa konstebo mwingine. Anajua kupiga saluti. Nina hasira siku nzima.

Jumamosi, 19 Machi
Darajani. Manyunyu. Ekisa yuko zamu, kitabu chake amekifunika kwa nailoni. Ameshaandika barua ya kuomba tena mwakani. Kaniomba nisome Kiingereza chake. Nimesahihisha mahali pawili.

Barasa akatokea ng'ambo na baiskeli, ndizi nyuma. Akasimama katikati ya daraja.

"Bwana wakili! Nije?"

"Njoo tu, boss. Pole pole."

Ekisa hakusogea. Alisubiri mpaka gurudumu la nyuma likatoka darajani, likakanyaga Kenya. Ndipo akainua mkono kumsimamisha.