Mama Alitaka Atishwe Tu, Sasa Wanamrudisha Gerezani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijamvunjia heshima mama yangu mzazi, maana hasira imenifika hapa kooni na nyumba nzima hatuongei, yeye kajifungia chumbani kwake na mimi niko sebuleni nasuka nywele za watu huku nakosea mistari nafumua naanza upya, mpaka juzi mteja mmoja akaniuliza dada vipi unaumwa, nikamjibu siumwi, nina mama.

Nina kaka mmoja tu, ni fundi makochi. Alifungwa kwa kununua na kuuza vitu vya wizi, kosa alilifanya kweli na wala hatukumtetea, akakaa ndani, halafu ikaja ile sheria ya kupunguza vifungo kwa sababu magereza yalikuwa yamefurika watu wanalala kwa zamu, akatolewa kabla ya muda wake, lakini kifungo kilichobaki anakimalizia nyumbani chini ya uangalizi, yaani jua likizama awe ndani, aripoti kwa afisa wake kila wiki, asilale kwingine, asigombane na mtu, na akivunja sharti lolote anarudishwa kumaliza yote yaliyobaki, ambayo ni miaka mitatu. Na kaka alijitahidi, Mungu shahidi yangu, alipata kazi kwenye karakana, akawa anarudi na vumbi la sponji mpaka kwenye nyusi, anakula, analala.

Sasa mtaani kwetu nyumba nyingi zina kijana wa aina hiyo, na kina mama wamejizoesha jambo moja, ukikorofishana na mwanao unampigia afisa. Afisa wa kwanza alikuwa mzee fulani tulimpa jina Babu Masharti, huyo ukimpigia anakuja na pikipiki yake, anakaa kwenye kochi, anaomba chai, anamfokea kijana mpaka mama mwenyewe anaanza kumtetea mwanawe, basi anavaa kofia anaondoka, yamekwisha. Mama yangu aliwahi kumwita kwa sababu kaka kaacha taulo bichi kitandani, sikutanii, na akaja.

Babu Masharti akastaafu. Akaletwa afisa mwingine, dada mmoja mpole wa miwani, na mama kwa akili yake akajua mambo ni yale yale.

Siku yenyewe ilikuwa jioni, kaka karudi mapema kabisa, mama akamwanza kuhusu mjane ambaye kaka anataka kumwoa, akamsema yule mwanamke na watoto wake maneno ambayo hata siwezi kuyaandika, kaka akavumilia weee, mwisho akasema mama, mimi si mtoto mdogo, akatoka nje kwa hasira akaubamiza mlango, na kile kioo cha mlango ambacho miaka yote kina ufa tumekiziba kwa gundi ya karatasi kikaanguka. Basi. Mama akashika simu akampigia afisa, na alipoulizwa kama kuna hatari, maana sauti yake haikutosha kumtoa mtu ofisini, akatia chumvi, akasema huyu kijana ameshika kipande cha kioo, anataka kunichoma mimi mama yake. Mshauri, mimi nilikuwa pale pale namsuka mtu, kaka hakushika kioo chochote, alirudi na ufagio akaanza kufagia, na gari la polisi lilipofika lilimkuta ameshika huo ufagio.

Walipomtia pingu mama akalia, jamani mimi nilitaka mumtishe tu. Yule afisa wa miwani, aliyekuja nao, akamwambia mama, maelezo yako yameshaingia kwenye faili. Kisha akanigeukia mimi akauliza, wewe uliona nini? Mama akanitazama lile jicho lake. Nikasema nilikuwa nasuka, sikuona vizuri.

Nilimfuata afisa ofisini kwake nikiwa nimepania kumpasha, lakini naye akanitolea yake, kwamba agizo la wakubwa ni malalamiko yoyote ya mtu kutishiwa, kamata kwanza, kwamba amepewa watu wengi mpaka wengine hawajui sura, na kwamba akimwacha mmoja akadhuru mtu jina lake litakuwa gazetini, ila akiwarudisha ndani hata kama hawana kosa hakuna atakayemuuliza. Nilipopeleka nguo mahabusu askari wa getini akanichekea, eti dada, humu siku hizi wengi hawajaiba kitu kipya, ni wale wale tuliowatoa, wanarejeshwa kwa kuvunja masharti. Anacheka! Nilitaka kumrushia ule mfuko wa nguo usoni.

Kikao cha kuamua kama anarudishwa ni wiki ijayo. Mama anaogopa akibadili maneno atafungwa yeye kwa kusema uongo, na ameniambia waziwazi, ukienda kunifanya mwongo mbele ya watu, usiniite mama tena. Nikisema namkosa mama, nikinyamaza namkosa kaka. Nifanye nini?

Msusi

*

Msusi mwanangu,

Hasira yako nimeisoma yote, na yangu weka juu yake. Lakini kabla hatujamfikia mama wala afisa, nianze na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeniandikia. "Sikuona vizuri." Hilo nalo ni jibu? Uliona ufagio, uliona kioo, uliona mpaka gundi ya karatasi, na mimi umenieleza vizuri kiasi kwamba ningeweza kuichora hiyo sebule. Najua jicho la mama lilivyo, hata mimi nilikuwa na mama. Lakini jicho la mama halina pingu. Ulimwogopa mtu wa kununa ukamwacha wa kufungwa.

Mama yako sasa. Simwiti mbaya, namwita mzembe wa mdomo, na wenzake wote hapo mtaani wako naye kundi moja. Barua kama yako siku hizi zinanifikia nyingi kuliko za waume wanaotoka nje ya ndoa, na zote ni wimbo mmoja: nilitaka atishwe kidogo, nilitaka atiwe adabu. Kina mama, afisa wa uangalizi si mjomba wa kuja kufokea watoto! Yule mzee wa chai alikuwa anawafichia. Alikuwa anasikia ugomvi wa taulo anauacha kwenye kikombe, haufiki ofisini. Mkadhani ndiyo kazi yenyewe ilivyo. Kumbe ilikuwa roho yake tu, na roho haikuandikwa kwenye agizo lolote, kwa hiyo alipostaafu akaondoka nayo.

Na wakubwa waliotoa hilo agizo nao wasijitie hamnazo. Walipopunguza vifungo walijipigia makofi, magereza yatapumua, watu watarudi kwa watoto wao. Sawa. Halafu kile walichokata gerezani wakakibandika nyumbani, uangalizi mrefu, masharti chungu nzima, na afisa mmoja mwenye watu asiowajua sura. Mtu wa hivyo anafuata woga wake, na woga siku zote unachagua pingu. Sasa ndani kumejaa tena, watatoka redioni kutuambia uhalifu umepanda, vijana wameharibika, tujenge gereza jingine. Hawatatuambia kwamba wengine walikamatwa wakifagia. Huyo askari wa getini anayecheka amekuambia ukweli kuliko wote, ingawa na mimi ningetamani ule mfuko umpate.

Lakini kukasirika hakutamtoa kaka yako. Sikiliza.

Usingoje kikao. Kesho asubuhi funga hiyo sebule, nenda kwa yule yule afisa wa miwani, mwambie nilikuwepo, niliona kila kitu, siku ile niliogopa, sasa nataka maelezo yangu yaandikwe upya. Usiende kumpasha, mwache apumue, amekuambia mwenyewe kwamba hakuna anayemuuliza akimrudisha asiye na kosa. Wewe muulize. Muulize kwa adabu, na usitoke humo mpaka uone ameandika. Nimezungumza na wakili ninayemwamini, anasema neno lililorekebishwa kabla ya kikao husikilizwa kwa sikio jingine kabisa kuliko linalorekebishwa mtu akishaketi mbele ya jopo na kubanwa maswali. Hakuniahidi kwamba mama hataguswa, na mimi sikuahidi. Alichosema ni kwamba mama aliyekwenda mwenyewe akasema nilikasirika nikatia chumvi, ni nadra apate mtu wa kumsumbua.

Kwa hiyo usiku huu mgongee mlango. Usimpigie kelele wala usimwambie wewe ni mwongo. Mwambie mama, kesho naenda, nakuomba twende wote, wewe useme ya kwako kwa mdomo wako. Akikubali, mshike mkono mwende. Akikataa, nenda peke yako, na useme tu ulichokiona: mlango, kioo chenye ufa, ufagio. Usimchambue mama yako mbele ya watu, haitakiwi. Ukiulizwa kwa nini alisema vile, jibu alikuwa na hasira, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Halafu kuna mtu umempita kwenye barua yako kama fanicha. Mteja uliyekuwa unamsuka! Kichwa nusu, shingo imegeuzwa mlangoni, unadhani aliangalia nini? Mtafute, mmalizie hizo nywele bure kama hukummalizia, umwombe aje aseme. Mwenye karakana naye aje kwenye kikao kwa miguu yake, aseme huyu ni fundi wangu na kochi lake linamsubiri. Na huyo mjane, kama anamtaka kaka yako kweli, aketi pale mbele wamwone, mama atake asitake.

Kuhusu hilo la "usiniite mama tena", limesemwa na mtu anayeogopa jela, na kwa woga huo ndipo ajue mwanawe anajisikiaje huko aliko. Atakununia. Mwache anune, mpelekee chakula chumbani, msalimie hata asipoitika. Lakini ukinyamaza na kaka yako akarudishwa, mwanangu, ngoja nikuambie kitakachotokea. Mama yako atakaa hapo sebuleni, atalia, atasahau jicho alilokutazama nalo, na yeye huyo huyo ndiye atakuwa wa kwanza kukuuliza: wewe ulikuwepo, mbona hukusema?