Shati la Paulin na Mfuko Usiopitisha Maji

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 10 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Estelle,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Kwanza nakuuliza kifua. Kile kikohozi cha Noeli kimeisha? Na baridi ya Liège unaivumilia vipi, wewe uliyekuwa unavaa soksi mbili mwezi wa Juni hapa hapa Lubumbashi tukakucheka? Sisi miili ni mizima. Mioyo bado, nawe unajua kwa nini.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunalia tu, uniti zinaisha, na hakuna aliyesema kitu. Abigaël wa mtaa wa Makomeno anakuja huko juma hili, amekubali kubeba barua. Nina ombi moja. Nitalisema mwishoni, maana nikilitanguliza hutajua linatoka wapi.

Shemeji Plamedie anajikaza. Amerudi sokoni na watoto wamerudi shuleni. Jina la kaka yetu Paulin bado hawezi kulitamka, anasema tu "baba ya batoto", kisha anatafuta kazi ya kufanya.

Sasa nikueleze habari ya Mama, ambayo kwa simu nilikuwa naipita pembeni.

Unajua hakumzika mwanawe. Miguu yake ilikuwa imevimba, na mvua ya Januari ilikuwa imekata barabara ya kuja huku kutoka kwake Kasenga, hakuna gari lililopita. Tulimzika Paulin bila yeye. Jioni ile alinipigia simu, sauti ndogo kabisa, akasema: "David, musifule shati yenye alivaa ya mwisho. Uniletee vile iko. Nisikie harufu ya mutoto wangu."

Shangazi Julienne alikasirika. Kwetu nguo za marehemu hufuliwa zote ndipo zigawanywe matanga yakiisha, na yeye hataki kusikia kwamba moja itaachwa na jasho la mtu aliyelala kaburini. Tulibishana hadi nikachoka. Plamedie aliinuka. Alikwenda chumbani akarudi na lile shati la bluu, ambalo Paulin alilivua siku tuliyompeleka hospitali kwa ugonjwa wa figo, naye Plamedie amelifunga katika kikwembe chake mwenyewe, kitenge anachojifunga kiunoni.

Kazi ikawa kulifikisha. Kupita Kasomeno barabara ilikuwa matope matupu, pikipiki tu ndiyo ilipita, na kwa mvua ile lazima ulale njiani. Kulala njiani nimezoea, kaka yetu alinizoeza kwa nguvu. Kila kiangazi tulipokwenda kumwona Mama alitaka tupige hema porini, hata siku ambazo tungefika kabla ya jua kuzama, kana kwamba nyumba haina vitanda. Mimi nilinung'unika kila mara. Leo ningetoa chochote nilale tena chini kwenye mizizi ile nikimsikia akikoroma.

Ila safari zile zilikuwa za kiangazi. Sasa nilikuwa na shati ambalo likilowa ni sawa na kufuliwa.

Basi nikaanza kutafuta mfuko, na ungeniona ungecheka. Kwanza nilijaribu ule wa Paulin wa turubai la lori. Nilitia unga wa mahindi wa bukari ndani, nikaumwagia maji ndoo nzima, unga ukawa uji. Nikaenda kwa Doudou, yule anayeshona viti vya pikipiki hapa Katuba, akanishonea mpya mzuri. Nao nikautilia unga. Pembeni palikuwa pamelowa, kwa sababu penye uzi sindano imetoboa, na maji hayakosi tundu. Mwishowe, kwa wale wa Makomeno wanaopanda mapikipiki makubwa, nikapata mfuko wa kutoka Ulaya. Hauna uzi hata mmoja, umeunganishwa kwa moto, na mdomo wake unaukunja mara kadhaa ndipo unaubana. Niliuweka chini ya bomba asubuhi nzima, Plamedie akitazama. Unga ulitoka mkavu, tukaupika mchana.

Estelle, nilijisikia fundi. Nilikitoa kile kikwembe, maana niliona kitambaa kinaweza kuvuta maji, nikalikunja shati peke yake, nikakamua hewa yote, nikafunga.

Mvua ilinipiga tangu natoka mjini. Nililala ndani ya hema karibu na Kasomeno, mfuko nimeukumbatia. Kesho yake jua kali, halafu mvua tena, na mara mbili nilianguka kwenye matope. Nilifika kwa Mama nimelowa mpaka mifupa, lakini mfuko nilipoufungua mbele yake, shati lilikuwa kavu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikitabasamu.

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka usoni. Kisha akanusa kola, akanusa kwapa, akaligeuza ndani nje akanusa tena, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Inanuka magazini," akasema. "Hainuke mutoto wangu."

Nililichukua nikanusa. Kweli, ilikuwa dukani kabisa, plastiki mpya tu, ile harufu inayokupokea mlangoni mwa duka la vyombo. Mfuko ulizuia maji yote, na harufu yake ukaipandisha kwenye shati kwa lile joto la njiani. Kikwembe cha Plamedie labda kingelinda kidogo. Nilikuwa nimekiacha Katuba, juu ya kitanda.

Mama hakunilaumu, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alinipikia samaki, akaniuliza habari za barabara. Shati alilitundika penye upepo ndani ya nyumba, akisema labda harufu ya duka itatoka na ile nyingine itabaki. Kila asubuhi nilimwona akilisogelea, kisha akirudi kuketi. Siku ninaondoka ndipo aliponishika mkono akauliza: "Ile triko yenye Paulin alimupa Estelle ku aéroport, alishaifula?"

Wote huku wanakusalimu: shangazi Julienne, ambaye hasira imemtoka, Doudou, na watoto wa Paulin, hasa Chancelvie anayeuliza utarudi lini. Mungu akulinde katika nchi hiyo ya baridi, akupe watu wema wa kukaa nao.

Na ombi langu ni hilo la Mama. Lile sweta la kijani, triko la Paulin, alilivua mwilini mwake akakuvika wewe pale uwanja wa ndege. Najua miaka miwili imepita, najua umelivaa. Lakini kama hata kola yake haijaguswa na sabuni, mpe Abigaël anaporudi Julai. Kama ulishalifua, uniandikie mimi peke yangu, usimwambie Mama. Mimi nitajua la kumwambia.

Ukilituma, mdogo wangu, usilitie katika plastiki. Lifunge kwa kitambaa tu. Hata likilowa.

Ni mimi kaka yako, ambaye sasa umebaki naye mmoja,

David Mukuka