Bata Aliyebaki Mtoni

Mjukuu wangu Rehema,

Hujambo? Shangazi yako kapata kazi ya uuguzi Rockville, huku huku Marekani. Babu yako hanitambui tena. Unauliza kwa nini nisimwache nikarudi Tanga nikapumzike.

Ujanani, majani yalipoanza kupukutika, mimi na babu yako tulikwenda mto unapoingia ghubani, kutazama mabata bukini wakihamia kusini. Mmoja alikuwa amevunjika bawa. Kundi liliporuka, mwenzake aligeuka akatua kando yake.

"Atakufa bure huyu," nikasema.

"Sasa amwache?" babu yako akauliza.

Tuliporudi baadaye, mgonjwa alikuwa amekufa matopeni, mwenzake bado amesimama pale kwenye baridi. Hakumwokoa.

Nami simwokoi babu yako. Leo nimemlisha uji, akaniuliza mimi ni nani. Nikamtajia jina langu.

Bibi yako